Msafara wa Kwenda Chumani

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mwoga, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia. Siku ya kwanza aliyoingia darasani kwetu, Kidato cha Tatu, alisimama karibu na mlango, si mbele ya ubao kama walimu wengine, akasema, "Mimi naogopa maji mengi, mbwa, gari la serikali, na mtu anayenisifu. Mkiniona nimenyamaza ghafla, jueni kimojawapo kimepita." Tulicheka. Yeye hakucheka. Haukupita muda tukaona kwamba hakuwa akitania.

Alikuwa mwembamba, mabega yamepanda juu kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Alivaa sweta la kijivu hata mwezi wa pili, Kibiti inapochemka mpaka kuku wanatembea midomo wazi. Mfukoni hakukosa kipande cha tangawizi mbichi. Akiitwa ofisini kwa mkuu wa shule alikitafuna kwanza, akafuta viatu nyuma ya suruali, mguu huu na mguu huu, akapiga hatua mbili, akarudi, akafuta tena. Stendi alimuuliza kondakta saa ya basi kuondoka, akamuuliza na muuza korosho, kisha akaja kutuuliza sisi wanafunzi. Kwenye hoteli ya chai alichagua kiti kinachoona mlango wa mbele na mlango wa uani.

Nyumbani kwetu ni Bungu, na wakati ule nilikuwa nikiishi Kibiti kwa shangazi yangu ili niwe karibu na shule. Shangazi alimwona mwalimu mara moja tu, sokoni, kwenye marundo ya mitumba yaliyokuwa yameanza kujaa miaka ile. Mwalimu alikuwa ameshika shati, analigeuza nje ndani, anachunguza mishono kama daktari. Shangazi akasema, "Huyo mwalimu wenu kuna mahali amefukuzwa na kitu."

Lakini mtu mwoga wa namna yake sijamwona tena. Asubuhi moja mvua ilikata njia, wanafunzi kama thelathini tukachelewa. Mwalimu wa zamu alitupanga mstari, fimbo mkononi. Alipofika katikati ya mstari alimkuta mwalimu wa jiografia amesimama kati yetu, sweta limelowa, mikono ameinyoosha mbele.

"Wewe unafanya nini hapa?" mwalimu wa zamu akamuuliza.

"Na mimi nimechelewa."

Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka waziwazi. Mwalimu wa zamu alimtazama, akatutazama sisi, akaitupa fimbo majanini na kutuambia tuingie madarasani. Tulipopita mlangoni tulimkuta mwalimu wetu ameegemea ukuta, anatafuna tangawizi.

Mchezo wetu ulianza na kitabu. Tulikuwa tunasoma habari za miji ya viwanda, na kitabu kilieleza kila kiwanda kinatengeneza nini, malighafi inatoka wapi na reli inapita wapi. Mwanahawa, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, aliuliza, "Mwalimu, na watu wa huko wanaishije?"

Mwalimu alikifunga kitabu. Alikaa kimya mpaka tukageuka dirishani kuona ni gari gani limepita. Halikupita gari. Kisha akasema, "Anayetaka kujua aje Jumamosi baada ya adhuhuri."

Tulikwenda kumi na wawili. Ubaoni alikuwa amekwisha kuchora mji mzima: mabomba saba ya moshi, mto unaobadilika rangi kwa kufuata kitambaa kinachotiwa rangi siku hiyo, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama meno, ukuta, na lango moja. Mji aliuita Chumani. Watu wa Chumani, alituambia, hawana majina wakiwa kazini. Wana namba zilizoshonwa kifuani. King'ora kikilia wanaingia, kikilia wanakula, na kati ya king'ora na king'ora hakuna kuzungumza. Mkate ni wa mgao. Kutoka mjini ni kwa kibali, na kibali anacho Msimamizi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea kwa miguu.

"Sisi tutakwenda kuwatembelea," akasema. "Ila si leo. Leo tunaanza kupanga."

Muhula mzima tulipanga. Seif, kijana wa Ikwiriri mwenye maneno matamu, alikuwa kiongozi wa msafara. Mwanahawa alikuwa mganga wetu. Mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikawa mwandishi, na tangu siku hiyo mwalimu hakuniita jina langu tena. Wengine walikuwa wapagazi, mkalimani, mnunuzi wa vitambaa ambaye ndiye kisingizio chetu cha kuingia. Mwalimu mwenyewe alikuwa mji wote. Alikuwa mlinzi wa lango, Kamati ya Mapokezi, mama anayechota maji bombani. Akigeuza kichwa, sauti yake inageuka nayo.

Na alikuwa Namba Arobaini. Huyo ndiye aliyetualika. Alikuwa mfumaji, mashine yake ipo karibu na dirisha la ghorofa ya tatu, na kila Jumamosi tulikuta barua yake imechomekwa chini ya mlango wa darasa, imeandikwa kwa penseli juu ya gamba la paketi ya sigara. Nakumbuka ya kwanza neno kwa neno:

"Kwenu msafara. Nimesikia mnataka kuja. Njooni Alhamisi, ndiyo siku moshi unapungua. Msinitafute, mimi nitawaona. Mwenye kikohozi asije. Hapa kukohoa ni kosa, kwa sababu kunaonyesha kuwa hewa ni mbaya."

Niliisoma mbele ya wenzangu, na Mwanahawa, ambaye hakuwa na kikohozi, alianza kujizuia kukohoa.

Mwalimu aliniambia pembeni, "Mwandishi, barua ukishasoma, choma. Jikoni kwa shangazi yako moto haukosekani. Barua ya mtu wa Chumani haikai katika daftari la mgeni."

"Ndiyo, Mwalimu," nikasema.

Sikuchoma hata moja. Niliyapenda mno maneno yale. Daftari langu nilikuwa nimelivika gamba la karatasi ya kaki, na kati ya gamba na jalada ndipo nilipozificha, moja baada ya nyingine.

Mazoezi ya lango ndiyo yaliyotuchosha roho. Mwalimu alisimama mlangoni na rula ndefu ya ubaoni, sisi tukaja kutoka uwanjani kwa mstari.

"Mnatoka wapi?"

"Tunatoka pwani," Seif akajibu. "Tumekuja kununua vitambaa."

"Mnamjua nani humu?"

"Hatumjui mtu."

"Basi huyu binti anatazama nini dirisha la tatu?"

Mwanahawa alikuwa ameinua macho kidogo tu. Mwalimu aliishusha rula. Sauti yake ikawa ndogo. "Namba Arobaini amekatwa mgao wa mkate wiki mbili. Rudini mwanzo."

"Mwalimu, nimetazama dari," Mwanahawa akasema.

"Mlinzi hajui dari."

Wiki iliyofuata mpagazi mmoja alicheka wakati usiofaa, na Namba Arobaini akahamishiwa chumba cha rangi, ambako watu hupofuka. Wiki nyingine Seif aliiambia Kamati ya Mapokezi kuwa nyumba walizotuonyesha ni nzuri lakini angependa kuona nyingine, na jirani wa Namba Arobaini akachukuliwa. Sisi hatukuguswa hata siku moja. Lango lilifunguliwa, tukapewa chai ya kuigiza na maua ya kuigiza.

Seif hakuvumilia. "Mwalimu, tumekosa sisi. Tuadhibu sisi."

"Ninyi ni wageni. Mgeni huondoka na viatu vyake, mwenyeji hubaki na nyayo."

"Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone."

"Apone," mwalimu akasema, kama anayelionja neno. "Muulizeni mwenyeji kama alipona. Hilo ndilo swali ambalo mgeni hana muda nalo, gari linamngoja."

Mwanahawa aliacha kuja wiki moja, akarudi. Mimi nilianza kukosa hamu ya kula. Nikitwanga kisamvu kwa shangazi nilijikuta nikijibu maswali ya lango chinichini, nikachagua maneno, nikayafuta. Shangazi akaniuliza ni mchezo gani huo usio na mshindi. Nikamwambia tunapanga safari. "Safari ya wapi?" Nikashindwa kumjibu, kwa maana niliogopa kumtaja Namba Arobaini hata kwa shangazi yangu mwenyewe.

Jambo lililonitatiza kwake ni hili: mwalimu huyu alichukia uongo. Ukinakili kazi ya mwenzako alikupa sifuri wewe na uliyemnakili. Lakini Jumamosi alitufundisha kudanganya langoni, na akatusahihisha uongo wetu kama anavyosahihisha ramani. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Uongo wa kujiokoa sifundishi. Ila kuna wakati ukweli wako unalipiwa na mtu mwingine. Hapo sijui, Mwandishi. Mimi mwenyewe bado nalifanyia kazi swali hilo." Mwalimu mwingine asingekubali kusema sijui mbele ya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Yeye alilisema mara nyingi, na kila mara macho yake yalikwenda mlangoni.

Miaka ile Kibiti ilikuwa imejaa wasiwasi wake wenyewe. Viwanda vya Dar es Salaam vilikuwa vinafungwa au kuuzwa, na wanaume waliokwenda huko vijana walikuwa wanarudi watu wazima, magodoro yao juu ya mabasi. Hawakusema mengi. Vyama vya siasa vilikuwa vipya, bendera zimeota juu ya vibanda, na watu watatu wakisimama pamoja wa nne aliuliza wanapanga nini. Katika hali hiyo ndipo mkaguzi mmoja alipokuja shuleni kwetu, wiki moja kabla ya Jumamosi tuliyokuwa tumeipanga kuingia Chumani kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Aliingia darasani na mkuu wa shule. Akachukua daftari langu kwa sababu nilikaa mbele na kwa sababu lilikuwa safi. Akaligeuza kulisifu kwa wenzangu. Gamba la kaki likaachia, na barua zote zikaanguka miguuni pake.

Aliokota moja, akasoma kwa sauti. "Msije wote kwa basi moja. Msiseme mnatoka wapi. Watu wetu watakuwa tayari." Akaokota nyingine. Sikuthubutu kumtazama Mwanahawa, na yeye hakunitazama, kama tulivyofundishwa.

Ofisini tulikuwa wanne: mkuu wa shule, mkaguzi, mwalimu wa jiografia aliyeitwa kutoka darasa jingine, na mimi. Mkaguzi alizipanga barua mezani kama karata.

"Binti, Namba Arobaini ni nani?"

"Hakuna mtu huyo, mzee."

"Watu wenu watakuwa tayari kwa lipi?"

"Ni hadithi. Nimeitunga mwenyewe."

"Mwandiko huu si wa daftarini."

"Naweza kuandika miandiko miwili."

Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa imetulia. Nilikuwa langoni, na majibu yalikuja yenyewe. Mkaguzi akanisogezea karatasi na penseli. "Andika: msije wote kwa basi moja."

Nilishika penseli. Niliandika "msije." Mkono ulikuwa wangu, herufi zilikuwa zangu, hazikufanana na za barua, na kila mtu mle ndani aliziona.

"Mwandiko ni wangu," mwalimu akasema.

Alikuwa amesimama karibu na mlango kama kawaida yake. "Ni zoezi la jiografia. Mji haupo. Barua nimeandika mimi, wanafunzi nimewaita mimi, na huyu nilimwambia azitunze."

Hilo la mwisho halikuwa kweli. Alikuwa ameniambia nizichome. Mkaguzi alimuuliza kama mji haupo kwa nini wanafunzi wafundishwe kuingia kwa siri. Mwalimu alizitazama barua zile mezani. Akasema, "Kwa sababu siku moja watakuwa wageni wa mtu."

Hakushitakiwa. Hakukuwa na la kumshitakia, mji ulikuwa ubaoni na ubao ulifutwa. Ila mwisho wa muhula ilikuja barua ya uhamisho. Walimu wenzake walisema mtu wa sekondari hawezi kupelekwa shule ya msingi, lakini barua ilisema hivyo: shule ya msingi, katika kisiwa kimojawapo cha delta, mto unapoingia baharini. Mtu anayeogopa maji.

Tulimsindikiza mpaka kwenye pikapu ya kwenda Nyamisati, Seif, Mwanahawa na mimi. Sanduku lake lilikuwa moja. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, nimelipanga neno kwa neno kama jibu la lango: Mwalimu, sikuchoma, nisamehe. Pikapu ikapiga honi. Akanipa mkono, akasema, "Mwandishi, masomo," akapanda. Baadaye tulisikia kuwa alipofika Nyamisati alikaa juu ya sanduku lake akaacha boti tatu ziondoke, na kwamba ya nne alipakiwa akiwa amefumba macho, na akina mama wawili wamemshika mikono.

Nilimaliza shule, nikasoma zaidi, nikapata kazi Kibiti katika shirika moja dogo. Kazi yangu ilikuwa kupanga ziara za wageni. Sikuichagua kwa sababu ya mwalimu. Ilikuwa kazi iliyopatikana, na miaka ile wageni walikuwa wengi: wafadhili, wawekezaji, wakubwa wanaotaka kuona. Nilitafuta boti, nikapanga chakula, nikaamua nani asome risala na nani atoe ushuhuda. Nilisifiwa kwa kazi hiyo. Siku zote nilijua kuwa mwalimu yuko mahali fulani katika delta ile, na sikuwahi kuuliza ni wapi.

Kisha ikaja ziara ya mabwawa ya chumvi. Kulikuwa na mwekezaji aliyetaka eneo la kuchimba mabwawa, na eneo lenyewe lilikuwa mashamba ya mpunga ya wanawake wa kijiji kimoja cha delta. Viongozi walikuwa wamekubali. Wageni walikuwa wanakuja kuona kama wanakijiji wameridhika, na ofisini kwetu tulikuwa tumepata jina la mwanamke mmoja mjane, Bi Somoe, aliyekataa kuweka dole gumba kwenye karatasi. Mkuu wangu alisema, "Huyo akisimama mbele ya wageni akaeleza kwa nini amekataa, ziara itakuwa na uzito." Nami nikaona ni kweli. Nikaenda kijijini siku saba kabla, kutayarisha.

Boti ilipotia pua kwenye tope niliona mzee amesimama mbali na maji, pale ardhi inapoanza kukauka. Nywele zilikuwa nyeupe. Mabega yalikuwa yamepanda vilevile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitazama toka kichwani mpaka kwenye miguu yangu iliyojaa tope. "Mwandishi."

Alikuwa hajatoka kisiwani tangu siku aliyoletwa. "Nilivuka mara moja," akaniambia tukitembea. "Kuvuka mara ya pili sijapata sababu." Aliwafundisha watoto wa pale, na alipostaafu akaendelea kuwafundisha. Alikuwa ameoa huko, na mkewe alitupikia wali na kamba wa nazi. Tulikula barazani. Aliniuliza habari za Seif na za Mwanahawa, kisha akaniuliza nimekuja kwa lipi, na nikamweleza yote: wageni wangapi, watakaa saa ngapi, watakula nini.

"Nani atasema?"

"Bi Somoe."

Aliacha kula. "Umemuuliza?"

"Katibu wa kikundi cha wanawake amekubali."

"Sikuuliza hivyo."

Nilitazama sahani yangu. Nikasema, "Mwalimu, barua sikuzichoma. Uliniambia nizichome. Wewe umekaa hapa kwa ajili yangu."

"Nilijua hukuzichoma," akasema. "Niliona daftari linanenepa. Wiki ya tatu nilijua."

"Kwa nini hukunikataza?"

Mkewe alikuja kutoa vyombo, akatuona, akarudi navyo ndani.

"Nilikuwa karani kiwandani kabla ya ualimu," akasema. "Kiwanda cha nguo. Kulikuwa na mfumaji, mwanamke, kifua chake kimeharibika kwa vumbi la pamba. Wakasema wageni wanakuja kutazama kiwanda kabla hakijauzwa. Mimi ndiye niliyemfuata. Nikamwambia, waambie, ndio nafasi, watu wakubwa wale. Hakutaka. Nikamwambia kila siku mpaka akataka. Siku hiyo alizima mashine, akasema. Alisema vizuri sana. Wageni wakatikisa vichwa, wakaandika, mmoja akamshika mkono. Wakaondoka." Alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Baadaye likatoka tangazo la kwanza la wanaopunguzwa. Lilikuwa na jina moja. Nilimwona akitoka langoni na kikapu chake. Nikajificha nyuma ya marobota mpaka apite. Sikumfuata. Nilipokwenda kumtafuta alikokuwa akipanga, walisema amehama, hawajui wapi. Mpaka leo sijui alikwenda wapi, au kama kifua kilimwachia."



"Maneno yake nilikuwa nayo mimi tu," akaendelea. "Barua zile mengi ni maneno yake, yale ya kukohoa, yale ya moshi wa Alhamisi. Nilikwambia uchome kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nilipoona huchomi, nikasema, basi tupo wawili wa kuyatunza. Lilikuwa kosa langu kabla halijawa lako. Nilimwachia mtoto alipe."

"Aliyelipa ni wewe, Mwalimu."

"Safari ile," akasema.

Alisimama, akatafuta kandambili zake. "Twende kwa Bi Somoe. Umuulize mwenyewe, akiwa peke yake, na umwambie kila kitu: nani anakuja, nani atakuwa amesimama nyuma yao, na kwamba wewe saa kumi utakuwa umeshapanda boti. Akisema hapana, utarudi kwa mkuu wako na hapana yake."

Bi Somoe tulimkuta shambani, anafukuza ndege kwa kombeo. Alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, kanga ameifunga kifuani, miguu imo matopeni mpaka vifundoni. Mwalimu alimsalimia kwa adabu, akamwambia, "Huyu ni mwanafunzi wangu. Ana jambo la kukuuliza." Kisha akageuka, akaondoka.

"Mwalimu, hukai?" Bi Somoe akamwuliza.

"Nisiposikia sina la kuulizwa," akajibu bila kugeuka. "Semeni taratibu."

Alikwenda mpaka mwisho wa tuta, akasimama huko, ametuelekezea mgongo, anatazama njia ya kijijini kuona kama kuna mtu anakuja. Nilimweleza Bi Somoe yote. Nilitaja kila nilichokuwa nimezoea kukiacha. Alisikiliza huku jiwe lingali kwenye kombeo. Nilipomaliza, aliliachia lidondoke.

"Tangu waje na karatasi zao," akasema, "wewe wa kwanza kuniuliza kama nataka."

"Unataka, Bibi?"

"Mbele yao sitaki. Nina watoto, na mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yangu, nitakutana naye kesho na keshokutwa." Aliketi juu ya tuta, akanionyesha pa kukaa. "Ila wewe nitakwambia, na wewe uende ukaseme huko Kibiti kwa kinywa chako, usitaje kijiji wala mtu. Wakiuliza nani kasema, ni wewe. Utaweza?"

Niliiona ofisi yangu, nikamwona mkuu wangu ambaye alitaka mjane huyu, si mimi, asimame, na kazi ambayo pengine nisingekuwa nayo mwezi unaofuata. Nilitaka kumwita mwalimu anisaidie kujibu, lakini yeye alikuwa mbali, na mikono yake yote miwili alikuwa ameishika nyuma kwa nguvu.

"Nitaweza," nikasema.

Bi Somoe akaanza kusema. Alisema juu ya shamba, juu ya mume wake aliyelifyeka, juu ya dole gumba lake na watu waliolishika kwa nguvu siku ya karatasi wakashindwa kulikunjua. Ndege walirudi wakatua kwenye mpunga, wakala, hakuwafukuza. Mwalimu hakugeuka hata mara moja mpaka Bi Somoe alipomaliza.